Kola ya Farasi Aitwaye Duchesse

Wadogo zangu wa kazi, ninyi mnaovisha viti vya taksi na fauteuil, makochi ya maharusi, hapa Lubumbashi, kila mkija kunisalimia huku mtaani Katuba mnagombania kiti kimoja. Mnadhani sioni. Mnaingia, mnasema "Bonjour, papa," halafu macho yanakimbilia kile kiti cheusi cha pembeni, kisicho na urembo wowote. Anayekiwahi anakaa kama gavana. Wengine wanajibana kwenye fauteuil ya mousse, yaani sponji, niliyoletewa na mkwe wangu, ile ambayo ukikaa unashuka mpaka magoti yanakaribia kidevu. Juzi mmoja wenu akaniuliza, "Papa, hii kiti ulitiamo nini? Haibonyeake." Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akasema ana muda. Kijana wa leo akisema ana muda, hilo ni jambo la kuandikwa, na ndiyo maana nimeandika.

Mimi ni Mbuyi, baba yake Kapinga, garnisseur mstaafu, fundi wa kuvisha viti. Wazazi wangu walikuja huku kutoka Kasai, na kama wazazi wote wa Kasai walitaka mtoto wao avae tai na kukaa nyuma ya meza. Nikawa kweli mtu wa meza na viti, ila upande wa chini, nikiwa nimelala chali na misumari mdomoni. Nimevisha viti vya makanisa, vya vinyozi na vya mabasi. Nimevisha kiti cha mheshimiwa mmoja ambacho kilirudi kwangu mara kwa mara kwa sababu mheshimiwa hakuacha kunenepa. Na kwa miaka mingi nilishona pia matandiko ya farasi, kwa kuwa pembeni ya mji kulikuwa na klabu ambako watu walijifunza kupanda, na ngozi ilipochanika ililetwa kwetu.

Ninaposema "kwetu" namaanisha kwa Muzee Mulenga, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye vidole vigumu kama mizizi ya muhogo. Alikuwa na sheria moja ambayo wengi wenu mngeikimbia. Kiti ulichokivisha unakaa wewe kwanza, siku nzima, ukiendelea kufanya kazi juu yake. Mteja hakioni kabla mgongo wako haujakikubali. "Fundi akae kwanza," ndivyo alivyosema, na hakuna aliyebishana naye.

Siku moja nilikuwa na haraka, nikashona kwa mashine mkanda unaopita chini ya tumbo la farasi na kushika tandiko. Mshono ulinyooka, ukapendeza. Muzee Mulenga akauangalia, akauangalia tena, akachukua kisu, akakata uzi mahali pamoja tu, akavuta. Mshono wote ukafunguka mbele ya macho yangu.

"Sasa mutu alikuwa juu ya farasi," akasema. "Eko wapi sasa?"

"Chini, muzee."

"Njo ile."

Akanipa msharasi wa kutobolea ngozi, uzi uliopakwa nta na sindano mbili. Ngozi ya kubeba uhai wa mtu hushonwa kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, moja ikitoka kushoto, nyingine kulia. Upande mmoja wa uzi ukikatika, wa pili unashika. Mashine haiwezi kufanya hivyo, hata ile ya umeme mliyonunua kwa mkopo. Kipya kinyemi, najua. Lakini kama kitu kitabeba mtu mahali pa hatari, kaeni chini mshone kwa mkono.

Ni Muzee Mulenga pia aliyenionyesha crin, yaani nywele za mkia na shingo ya farasi. Zamani kabla ya mousse, kiti cha maana kilijazwa crin. Aliziokota klabuni kila mikia ilipopunguzwa. Alizichemsha, akazisokota zikiwa za moto mpaka zikawa kamba nene, akaziacha zikauke katika jua la kiangazi, halafu akazisokotoa. Nywele iliyonyooka ikawa na mawimbi, na mawimbi hayo hayafi. Ukiikandamiza inarudi, ukiikalia miaka thelathini inarudi. Kabla hajafariki aliniachia gunia moja la crin hiyo. "Hii," akaniambia, "haiko ya mutu ya haraka." Nikalipandisha juu ya kabati na kuliacha huko.

Sasa niwaambie kuhusu mke wangu, kwa sababu bila yeye hadithi hii ingekuwa ya misumari tu. Mama Kapinga alikuwa prof, yaani mwalimu, wa historia katika shule ya sekondari, na kitu kilichomchosha kuliko vyote ni farasi. Kila mwaka akifika kwenye Zama za Kati za Ulaya, aliwauliza wanafunzi farasi alikuwa na kazi gani. Kila mwaka walimjibu kwa sauti moja kwamba farasi alikuwa wa vita. Walikuwa wameona filamu. Walimchora mtu wa chuma juu ya farasi wa chuma, na upanga mrefu kuliko ukurasa.

Anarudi nyumbani, anatupa mkoba kitandani. "Papa Kapinga, hawa batoto banafikiri bantu ba zamani balikula vita! Nani alilima? Nani alipeleka ngano ku kinu? Nani alibeba chumvi, kuni, mbolea, na bibi harusi?"

"Farasi?" nasema mimi.

"Farasi! Lakini si ile ya filamu. Farasi ya mukulima, mukonda, mwenye matope ku miguu."

Nilimpenda zaidi akikasirika hivyo. Alinieleza mpaka chakula kikapoa. Kwa kila farasi mmoja aliyebeba bwana mwenye upanga, alisema, walikuwapo wengi waliokuwa wakibeba maisha. Wapo waliofungwa vikapu ubavuni na kupanda milima kwa mstari wakiwa na sufu na chumvi. Mkulima asiye na uwezo alikuwa na farasi mmoja, jirani yake mmoja, na siku ya kulima waliunganisha wanyama wao kama sisi tunavyounganisha meza wakati wa msiba. Kinyesi kilikwenda bustanini, nywele zikawa kamba na chekecheo, na mnyama alipokufa hata ngozi yake ilipata kazi. Wanafunzi walipokosa kuelewa aliwaonyesha dirishani. Barabarani walikuwa wakipita wanaume wanaosukuma kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli hapa kwetu, zilizobeba magunia ya makaa kupita urefu wa mtu. "Munaona ile kinga?" aliwauliza. "Ile njo farasi ya bantu ba Zama za Kati. Sasa muniambie, iko na vita gani?"

Akaniambia na jambo lingine lililonifurahisha. Zamani hizo kazi yetu ilikuwa na heshima yake. Fundi wa matandiko alikuwa mmoja, fundi wa lijamu mwingine, fundi wa kola mwingine, na kila mmoja alikuwa na chama chake. Mwanafunzi alihamia kwa fundi, akala mezani kwake, akalala karakanani.

"Na kuosha vyombo?" nikamuuliza.

"Bila shaka."

Nikakumbuka miaka yangu kwa Muzee Mulenga, na masufuria ya mke wake, nikaona Zama za Kati hazikuwa mbali kama nilivyodhani.

Hapo ndipo anaingia Kasongo. Kasongo alikuwa mtunza farasi wa klabu, mpole, mwenye kusema kidogo, na aliniita yaya, yaani kaka, kwa sababu nilimzidi umri. Farasi aliyempenda kuliko wote alikuwa jike la rangi ya kahawia, lenye doa jeupe puani, jina lake Duchesse. Katika ujana wake Duchesse aliruka vizuizi huku watu wakipiga makofi. Kasongo alimlisha, akamsugua, akalala karibu naye alipougua. Lakini klabu ikapungukiwa na wapandaji, Duchesse akazeeka mgongo, na farasi asiyepandika anakula sawasawa na anayepandika. Wakubwa wa klabu wakaamua kwamba wale farasi wazee watapigwa sindano na daktari wa mifugo, walale wasiamke.

Kasongo hakulia. Alizunguka mji mzima kutafuta mtu, mpaka akampata Papa Kambale. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye shamba njia ya kwenda Kinsevere. Barabara ya shamba lake ilikuwa ikifa kila mvua ikianza. Pickup ilizama hadi milango, na mbegu na mbolea zilibaki njiani wakati ardhi inazisubiri. Alikuwa ametengeneza mkokoteni kutoka ekseli ya Toyota iliyokufa, akikosa mnyama wa kuuvuta. Wakakubaliana. Atamjaribu Duchesse, na Kasongo atahamia shambani pamoja naye. Akivuta, abaki. Asipovuta, mvua ikianza daktari ataitwa, maana klabu haimtaki tena na Papa Kambale hawezi kulisha pambo.

Wakamfunga Duchesse mkanda shingoni, kama mbuzi anayepelekwa sokoni, wakaunganisha mkokoteni. Alipoanza kuvuta, mkanda ukapanda kooni. Akakohoa, akasimama. Wakamchapa kidogo, akavuta tena, akakohoa tena, na macho yakamtoka. Papa Kambale akasema mnyama huyu ni mvivu. Kasongo akapanda taksi akaja kwangu.

"Yaya, haiko muvivu," akaniambia mlangoni, kabla hata ya kukaa. "Iko inakosa pumuzi. Unisaidie, juu bataniulia yeye."

Ilikuwa Jumapili mchana, tuko mezani na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Mama Kapinga aliyesikia yote akaweka kijiko chini.

"Lakini hii ni somo langu!"

Akainuka, akachukua kitenge, akakisokota kikawa kama nyoka, akanizungushia shingoni. Mimi nina bukari mkononi. "Vuta, uende mbele," akasema, huku akinishika kwa nyuma. Nikavuta. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na Kasongo akaanza kunihurumia. Halafu Mama Kapinga akakishusha kitenge kikalala juu ya mabega na kifua. "Vuta sasa." Nikavuta, na mke wangu akaja pamoja na kitenge, kiti na nusu ya kitambaa cha meza. Jirani aliyekuwa akianika nguo uani akauliza kama kuna shida.

"Hapana shida, mama," Mama Kapinga akamjibu, "tuko tunasoma."

Akatueleza. Watu wa historia bado wanabishana kuhusu jinsi farasi wa kale kabisa walivyofungwa, lakini jambo moja halina ubishi. Katika Zama za Kati wakulima wa Ulaya walipata kola ngumu, iliyotoka mbali mashariki, inayokaa juu ya mabega. Koo likawa huru. Farasi akaweza kusukuma kwa mwili wake wote, akavuta plau kwa mwendo wa kasi kuliko ng'ombe, akapeleka mizigo ya kijiji sokoni na kurudi. "Mufalme hakufanya ile," akasema, "wala askofu. Ni fundi mwenye sindano." Aliponiangalia wakati akisema hivyo, nilijua tayari nimepata kazi.

Wadogo zangu, sikilizeni sasa jinsi mtu anavyoweza kujua kazi na kuikosea kwa sababu anaijua. Nilitengeneza kola nzuri kuliko zote zilizowahi kuonekana Haut-Katanga, na sidhani kama ushindani ulikuwa mkubwa. Ngozi laini ya kahawia. Ndani nikatia mousse ya daraja la kwanza, na juu ya mousse pamba. Pembeni nikazungusha kamba nyekundu ya urembo, kama kwenye fauteuil ya harusi. Ukiiminya kwa kidole ilizama kama andazi. Nikajiambia, bibi huyu mzee ameteseka, sasa mabega yake yatapumzika.

Tulipofika shambani kola haikupita kichwani. Kola ni nyembamba juu na pana chini, na kichwa cha farasi ni kipana juu kwenye macho na chembamba puani. Nikaisukuma, Duchesse akarudi nyuma, nikaisukuma tena, akanikanyaga. Kasongo akaichukua taratibu, akaigeuza juu chini, upande mpana ukapita machoni bila shida. Akaizungusha pale shingo inapokuwa nyembamba, akaishusha mabegani. "Ni sawa vile kuvalisha mutoto tricot," akasema, akimaanisha sweta. Basi ninyi mtakaotengeneza kola baada yangu, kola huingia kichwa chini. Nimewaokolea mguu mmoja.

Wakapakia magunia. Duchesse akaenda vizuri kwenye tambarare, masikio mbele, na Papa Kambale akaanza kutabasamu. Ikafika kilima kidogo kabla ya ghala. Hapo mzigo ukaanza kurudi nyuma, Duchesse akajiinamisha ndani ya kola, na kola yangu laini ikakunjika. Ilijikunja katikati kama mto wa kulalia, ikapanda, ikamkaba kuliko ule mkanda wa kwanza. Duchesse akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, akaanguka kwa magoti.

Tukamfungua haraka. Kamba yangu nyekundu ilikuwa imejaa povu na vumbi.

"Papa Mbuyi," Papa Kambale akasema, kwa heshima, na hilo ndilo lililoniuma, "mi sikatae kazi yako. Iko muzuri ya kuangalia. Lakini mvua iko karibu, na ile nyama haiwezi. Nitaita docteur."

Kasongo alikuwa amepiga magoti akiyaosha magoti ya Duchesse kwa maji, polepole. Tulipoondoka alinisindikiza hadi barabarani, akasimama, akasema bila kuniangalia, "Yaya, usifanye ya muzuri. Fanya ya kuvuta."

Nilirudi Katuba. Nikakaa kwenye karakana yangu na kola mapajani, nikatamani Muzee Mulenga angekuwapo anitukane. Nikajiuliza angesema nini. Fundi akae kwanza. Lakini nani anakalia kola? Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Maisha yangu yote nilikuwa nimewatengenezea watu wanaokaa. Anayekaa anataka kuzama. Duchesse hakukaa juu ya kitu changu, alikisukuma, na anayesukuma anataka kitu kisimame imara mahali pake.

Nikainuka. Uani kulikuwa na taksi moja isiyo na injini, iliyoletwa kuvishwa viti na mwenyewe akapotea. Nikaifunga kamba mbele, nikaunganisha kamba kwenye ile kola, nikaivaa mabegani mimi mwenyewe, nikaanza kuvuta. Mtaa wote ukatoka. Watoto walishangilia. Mama mmoja akamwambia mwenzake kwamba baba yake Kapinga amefika mwisho, ni kazi nyingi. Mimi nikavuta, na taksi ikasogea. Nikaelewa kwa mifupa yangu. Mousse ilikuwa tamu hatua chache za mwanzo, halafu ikalala kabisa na kamba ikaingia nyamani. Nikabadilisha, nikaweka gunia lililojazwa majani kwa nguvu. Lilikuwa gumu, lilinichukiza mwanzoni, lakini lilieneza mzigo mabega mazima na sikukohoa hata kidogo. Usiku nilipovua shati, Mama Kapinga aliona alama na akanipaka mafuta bila kunicheka. Kesho yake ndipo alipocheka.

Kola ya pili tuliitengeneza pamoja, mimi na mke wangu. Tulikata majani marefu makavu ya kuezekea, tukayalaza upande mmoja, tukayaingiza katika bomba la ngozi na kuyapigilia ndani kwa fimbo, kidogo kidogo. Yeye alishika, mimi nikagonga, halafu tukabadilishana. Tulijaza mpaka ukigonga kwa vidole ilijibu kama meza. Upande wa kugusa mwili nikaweka blanketi ya sufu, bila mkunjo hata mmoja, maana mkunjo leo ni kidonda kesho. Seremala akanichongea miti miwili iliyopinda kukumbatia kola pande zote, mzigo uvutwe na mti na si ngozi. Mikanda ya kuvutia nikaikata kwenye mikanda ya usalama ya magari yaliyokufa, nikaishona mara mbili mbili, sindano mbili, nta ya kutosha. Safari hii Kasongo alipima shingo Duchesse akiwa ameinua kichwa kama anayefanya kazi, si ameinama kula. Kola ikikaa mabegani, kiganja cha mkono kipite kati yake na koo, kimelala, kisibanwe. Hicho ndicho kipimo. Hakina namba, na hakijawahi kunidanganya.

Haikuwa na kamba nyekundu. Ilikuwa mbaya kama soli ya kiatu.

Mvua ya kwanza ilitutangulia. Tulipofika njia ya Kinsevere, mimi na Mama Kapinga juu ya pikipiki mbili, tulikuta pickup ya Papa Kambale imezama chini ya kile kilima, imejaa mbegu, na yeye yuko pembeni na simu mkononi. Alikuwa ameshaongea na daktari. Nilimwomba ajaribu mara moja tu. Akaangalia mawingu, akaangalia magunia yake yakiloa, akainua mabega. "Jaribu. Niko na nini ya kupoteza?"

Kasongo alikuwa na kitu cha kupoteza. Alimleta Duchesse na mkokoteni, akamvalisha kola, kichwa chini, akaizungusha, akaishusha. Akapitisha kiganja kwenye koo. Kikapita. Tukahamisha magunia kwenye mkokoteni, na Kasongo akamshika hatamu, akamnong'oneza neno.

Duchesse alikwenda hatua moja, akasimama. Nadhani alikuwa akisubiri maumivu ya siku ile. Masikio yalirudi nyuma. Kasongo hakumvuta, hakumchapa, alisimama tu naye kwenye mvua. Halafu Duchesse akashusha kichwa, akaegemea. Kola haikukunjika. Nikaona misuli ya mabega ikijaa ndani yake, miguu ya nyuma ikachimba, na yale magurudumu ya Toyota yakajing'oa kwenye matope kwa sauti kubwa. Akapanda. Alipanda kile kilima akipumua kwa nguvu, pumzi nzima, ndefu, moja baada ya nyingine. Mke wangu alinishika mkono na kuuminya. Nilikuwa nalia, sioni aibu kuandika. Nimeona viti vyangu vikikaliwa na wakubwa, lakini sijawahi kuona kazi ya mikono yangu ikitumiwa vizuri namna ile.

Papa Kambale alikuwa anakimbia kando ya mkokoteni, viatu vimebaki matopeni. "Vuta! Vuta, Duchesse! Vuta, mama!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina. Juu ya kilima akatoa simu, akampigia daktari. "Docteur, usikuye tena. Ama kuya, lakini na dawa ya kupe."

Duchesse aliishi miaka mingine shambani. Alibeba mbegu, maji, kuni na mbolea, akabeba mahindi ya majirani, na siku moja akabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa hadi barabara kuu, ambako alipata gari. Mama Kapinga aliwaleta wanafunzi wake wamwone, na mmoja akauliza, "Madame, sasa vita iko wapi?" Mke wangu akamwonyesha mkokoteni. "Hapana vita. Iko mahindi." Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, walimchorea farasi mwenye matope miguuni, na mmoja alimchora hata Kasongo.

Duchesse alikufa katika baridi ya mwezi wa sita, asubuhi, amelala upande kwenye majani, uzee tu, bila sindano ya mtu. Kasongo alimchimbia kaburi yeye mwenyewe. Halafu akaja Katuba na kifurushi kilichofungwa katika kitenge, akakiweka juu ya meza yangu. Ulikuwa mkia.

"Muzee Mulenga alikuwa anafanyaka namna gani?" akaniuliza.

Nikauchemsha, nikausokota, nikauacha ukauke. Mkia mmoja hautoshi kiti. Kwa hiyo nilipanda juu ya kabati, nikashusha lile gunia, nikachanganya crin ya mzee na ya Duchesse mpaka sikuweza kuzitofautisha. Mama Kapinga alikuwa anastaafu mwaka huo. Nikamtengenezea kiti cheusi, bila urembo, nikakikalia mimi kwanza siku nzima kama nilivyofundishwa.

Ndicho hicho mnachogombania. Kalieni tu, mwenyewe, Mama Kapinga, ameruhusu, na hakitabonyea hata mje na wake zenu. Lakini siku mkimkuta Kasongo hapa, mwangalieni. Hakikalii kamwe. Anakizunguka kwa nyuma, anapitisha kiganja taratibu juu ya ngozi, pale inapopinda, mara moja. Halafu anakwenda kwenye fauteuil ya mkwe wangu, anakaa, anazama mpaka magoti yanakaribia kidevu, na halalamiki.